Stephen Keshi na Viongozi Wake

Februari 10, 2013, katika Uwanja wa Soccer City jijini Johannesburg, Nigeria iliifunga Burkina Faso 1-0 na kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya tatu, baada ya kulikosa kwa miaka 19. Kesho yake, wakati Lagos na Kano bado zinasherehekea, kocha aliyelileta kombe hilo alihojiwa na redio moja ya Afrika Kusini na kutangaza kwamba anajiuzulu. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa amepata kazi Ulaya. Stephen Keshi alikuwa amechoshwa na watu waliomwajiri.

Habari zilikuwa zimezagaa kwamba viongozi wa shirikisho la soka la Nigeria walikwishajiandaa kumtimua katikati ya mashindano, endapo timu ingetolewa na Ivory Coast katika robo fainali. Ilibidi Waziri wa Michezo, Bolaji Abdullahi, akae naye na kumbembeleza, ndipo siku iliyofuata akaghairi. Asiyemjua Keshi angedhani zile ni hasira za siku moja. Lakini ugomvi wake na wakubwa wa soka ulianza akiwa kijana wa miaka 23, ukafuatana naye Lagos, Lomé, Bamako na Abuja, na haukwisha mpaka mwaka mmoja kabla hajafa.

Alizaliwa Januari 23, 1962, katika mji wa Azare, kaskazini mwa Nigeria, ingawa asili ya familia yake ni Illah, kando ya Mto Niger, katika jimbo ambalo leo linaitwa Delta. Alisoma St. Finbarr's College, Akoka, Lagos, shule ya Wakatoliki yenye sifa ya kutoa wacheza mpira kizazi baada ya kizazi. Akatoka hapo na kuingia timu ya benki ya ACB, kisha mwaka 1980 akahamia New Nigeria Bank ya Benin City. Zama hizo Afrika Magharibi, kama ilivyokuwa kwetu enzi za timu za bandari, reli na mashirika ya umma, mabenki ndiyo yaliyolisha soka. Akiwa na New Nigeria Bank alitwaa Kombe la WAFU la klabu za Afrika Magharibi mwaka 1983 na 1984. Alikuwa beki wa kati mrefu, mwenye sauti, anayepanga wenzake kama mtu mzima akiwa bado kijana. Mwaka 1984 alicheza fainali ya Afrika jijini Abidjan, Nigeria ikafungwa 3-1 na Kameruni.

Mwaka uliofuata ndipo lilipotokea jambo lililogeuza maisha yake. Chama cha soka cha Nigeria kilimfungia kuchezea timu ya taifa, yeye pamoja na Henry Nwosu, Sunday Eboigbe na Bright Omokaro, kwa kosa la nidhamu ya kambi. Mchezaji wa Nigeria aliyefungiwa wakati ule hakuwa na pa kukimbilia. Ulaya ilikuwa mbali, na mawakala wa wachezaji hawakuwa wakizurura viwanjani kama leo. Keshi alivuka mipaka akaenda Ivory Coast, akachezea Stade d'Abidjan na kisha Africa Sports. Kutoka Abidjan njia ya Ubelgiji ilikuwa fupi zaidi kuliko kutoka Lagos. Mwaka 1986 alisajiliwa na Lokeren, na mwaka mmoja baadaye akachukuliwa na Anderlecht, klabu kubwa kuliko zote nchini humo.

Pale Anderlecht alikaa hadi mwaka 1991. Alitwaa Kombe la Ubelgiji mara mbili na ubingwa wa ligi mara moja, na Mei 1990 klabu yake ilicheza fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya mjini Gothenburg, ikafungwa na Sampdoria ya Italia kwa mabao mawili ya Gianluca Vialli katika muda wa nyongeza. Baadaye alikwenda Strasbourg ya Ufaransa, akarudi Ubelgiji kuchezea RWD Molenbeek, na kumalizia Marekani na Malaysia. Kwa Wanigeria, hata hivyo, la maana zaidi ni kwamba hakuwa akisafiri peke yake. Aliwatafutia vijana wa nyumbani timu, akawapokea, akawaombea nafasi za majaribio. Rashidi Yekini, ambaye baadaye angefunga bao la kwanza la Nigeria katika Kombe la Dunia, alipita Africa Sports ya Abidjan kama Keshi alivyopita. Jina la utani la "Big Boss" halikutokana na kitambaa cha unahodha peke yake. Lilitokana na ukweli kwamba mchezaji akiwa na shida, iwe ya posho, mkataba au tiketi ya ndege, alimwendea Keshi kabla ya kumwendea kiongozi.

Viongozi hawakulipenda hilo, na sidhani kama walilisahau.

Kama nahodha alionja uchungu mrefu kabla ya utamu. Mwaka 1988 nchini Morocco aliiongoza Nigeria iliyoichapa Kenya 3-0 katika hatua ya makundi mjini Rabat, ikafika fainali, ikafungwa tena na Kameruni, safari hii kwa penalti ya Emmanuel Kundé. Mwaka 1992 nchini Senegal, Kenya ilikutana nao tena ikalala 2-1, na Nigeria ikamaliza ya tatu. Kocha wakati huo alikuwa Clemens Westerhof, Mholanzi aliyepewa kitu ambacho hakuna kocha mzalendo wa Nigeria aliyewahi kupewa: muda. Aliichukua timu mwaka 1989, akapoteza fainali ya 1990, akakosa fainali ya 1992, na bado akaachwa aendelee. Keshi aliyaona hayo kwa macho yake, na miaka ishirini baadaye angeyasema kwa sauti.

Oktoba 1993 jijini Algiers, sare ya 1-1 na Algeria iliipeleka Nigeria Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Aprili 10, 1994 jijini Tunis ikaja fainali nyingine ya Afrika, dhidi ya Zambia iliyojengwa upya baada ya ajali ya ndege iliyoua kikosi chake karibu na Libreville mwaka mmoja kabla. Emmanuel Amunike alifunga mabao mawili, Nigeria ikashinda 2-1. Keshi, aliyekuwa nahodha wa kikosi, hakucheza fainali ile. Umri ulikuwa umeanza kumdai. Katika Kombe la Dunia la Marekani mwaka huo alicheza mechi moja tu, ile ya ushindi wa 2-0 dhidi ya Ugiriki, kisha kizazi alichokilea kikaendelea bila yeye.

Aliingia ukocha kama msaidizi katika benchi la ufundi la timu ya taifa, chini ya Shuaibu Amodu, na darasa la kwanza alilolipata lilikuwa chungu. Amodu na wasaidizi wake waliikuta Nigeria ikiwa karibu kukosa Kombe la Dunia la 2002, wakaiokoa na kuifuzisha. Kisha wakamaliza nafasi ya tatu katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Mali, na kwa nafasi hiyo ya tatu wote wakafukuzwa. Nigeria ilikwenda Japani na Korea Kusini ikiwa na kocha mwingine, ikapata pointi moja. Amodu huyo huyo aliitwa tena miaka baadaye, akaifuzisha Nigeria Kombe la Dunia la 2010 kwa kuifunga Kenya 3-2 pale Kasarani, Nairobi, Novemba 2009. Akaondolewa tena. Aliyepelekwa Afrika Kusini alikuwa Lars Lagerbäck wa Sweden, na Nigeria ikapata pointi moja tena. Msomaji wa Nairobi aliyekuwa uwanjani siku ile alimwona Amodu akiipa nchi yake tiketi ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuitumia.

Keshi alikabidhiwa Togo mwaka 2004. Togo haikuwa imewahi kukaribia Kombe la Dunia, na kundi lake lilikuwa na Senegal iliyofika robo fainali ya dunia miaka miwili tu nyuma, pamoja na Mali, Zambia, Kongo-Brazzaville na Liberia. Mechi ya kwanza Togo ilifungwa 1-0 na Zambia. Ya pili, Lomé, ikaichapa Senegal 3-1. Hapo watu wakaanza kugeuza shingo. Keshi alikuwa na kipaji kimoja cha hakika, Emmanuel Adebayor, na kundi la wachezaji wa ligi ndogo za Ulaya ambao hakuna aliyewajua. Akawajenga kwa nidhamu ya ulinzi na kwa kuwaambia kila siku kwamba wanaweza. Machi 2005 walishinda 2-1 Bamako, na mashabiki wa Mali wakavamia uwanja kabla mechi haijaisha, fujo zikaenea mjini. Adebayor alifunga mabao 11 katika mchujo ule. Siku ya mwisho, Oktoba 8, 2005, huko Brazzaville, Togo ilitanguliwa, ikasawazisha, ikatanguliwa tena, na ikashinda 3-2. Senegal ikaachwa nyuma kwa pointi mbili.

Nchi hiyo ndogo ilikuwa inakwenda Kombe la Dunia Ujerumani.

Keshi hakwenda nayo. Januari 2006 Togo ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri ikapoteza mechi zote tatu, huku kocha akizozana na Adebayor. Mwezi uliofuata shirikisho, lililoongozwa na Rock Gnassingbé, mtoto wa marehemu Rais Eyadéma, likamwondoa na kumwajiri Otto Pfister, Mjerumani. Mtu anaweza kusema kushindwa mara tatu na kugombana na nyota wa timu ni sababu za kutosha. Ningekubali, kama kilichofuata kisingetokea. Wachezaji wa Togo waligoma wakidai posho, Pfister akaacha kazi siku chache kabla ya mechi ya kwanza kisha akarudi, FIFA ikalazimika kuingilia kati, na Togo ikafungwa na Korea Kusini, Uswisi na Ufaransa. Tatizo la timu ile lilikuwa kwenye ofisi za shirikisho, na Keshi ndiye aliyekuwa amelizuia lisifike uwanjani kwa muda wote wa mchujo. Mwaka uliofuata Togo wenyewe walimwita tena.

Mali ilimchukua mwaka 2008. Kule anakumbukwa kwa jioni moja ya Januari 2010 jijini Luanda, katika mechi ya ufunguzi wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Wenyeji Angola waliongoza 4-0 hadi dakika ya 79. Mechi iliisha 4-4. Lakini Mali haikuvuka makundi, na Keshi akafungashiwa virago.

Novemba 2011 Nigeria ilimpa timu. Ilikuwa imekosa kufuzu Kombe la Afrika la 2012 chini ya Samson Siasia, mchezaji mwenzake wa 1994, na heshima ya timu ilikuwa chini. Mechi yake ya kwanza ya mashindano Keshi aliicheza Kigali, Februari 2012, akatoka sare ya 0-0 na Rwanda. Marudiano ya Calabar akashinda 2-0. Baada ya hapo akaanza kazi ambayo wengi waliiona ni wazimu: alikwenda kutazama ligi ya ndani. Ligi ya Nigeria ilikuwa imedharauliwa na Wanigeria wenyewe, kama tunavyozidharau zetu tukiwa tumekaa mbele ya runinga kuangalia ligi ya Uingereza. Makocha waliomtangulia waliita wachezaji kutoka Ulaya hata wale wanaokaa benchi. Keshi aliwaita Godfrey Oboabona, Azubuike Egwuekwe, Ejike Uzoenyi na Sunday Mba kutoka klabu za nyumbani, akawachanganya na John Obi Mikel na Victor Moses wa Chelsea, na akamwacha Osaze Odemwingie, ambaye hakusita kumshambulia hadharani.

Kule Afrika Kusini, katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2013, Nigeria walianza vibaya. Burkina Faso walisawazisha katika dakika za nyongeza, 1-1. Zambia, mabingwa watetezi, wakasawazisha kwa penalti iliyopigwa na kipa wao Kennedy Mweene, 1-1. Dhidi ya Ethiopia mambo yalibaki 0-0 hadi dakika kumi za mwisho, Moses akafunga penalti mbili. Hivyo ndivyo bingwa wa Afrika alivyovuka makundi: kwa penalti mbili za jioni. Robo fainali ilikuwa na Ivory Coast ya Didier Drogba na Yaya Touré, timu ambayo karibu kila mtu alikuwa ameshaipa kombe. Emmanuel Emenike alifunga kwa mpira wa adhabu, Cheick Tioté akasawazisha, na dakika ya 78 Sunday Mba akakokota mpira kutoka katikati ya uwanja na kuupiga kutoka mbali ukatinga wavuni. Mali wakala manne kwa moja katika nusu fainali mjini Durban. Na katika fainali, dakika ya 40, ni Mba tena, kijana wa ligi iliyodharauliwa, aliyeupitisha mpira juu ya beki na kuupiga.

Keshi akawa mtu wa pili kulitwaa kombe hilo akiwa mchezaji na kisha akiwa kocha, baada ya Mmisri Mahmoud El-Gohary aliyefanya hivyo 1959 na 1998. Tangu Yeo Martial wa Ivory Coast mwaka 1992, hakuna kocha mweusi aliyekuwa amelibeba. Katika siku zile za Afrika Kusini, Keshi alisema wazi kwamba nchi za Afrika huajiri makocha wa Kizungu wa kiwango cha kawaida na kuwapa muda na mishahara ambayo hawawapi watoto wao. Kuna waliomwita mbaguzi. Mimi nasema alikuwa anaeleza alichokiona tangu enzi za Westerhof, na alikuwa na haki ya kukisema kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa alikisema akiwa anashinda.

Hata ubingwa haukumpa utulivu. Miezi ilipita mshahara wake haujalipwa. Mwezi Machi 2013 Kenya ilikwenda Calabar na kocha mpya, Adel Amrouche, ambaye miaka kumi baadaye angeinoa Taifa Stars, na ilikuwa inaongoza kwa bao la Francis Kahata mpaka Nnamdi Oduamadi aliposawazisha katika dakika za nyongeza. Marudiano yalikuwa Kasarani mwezi Juni. Harambee Stars walipambana kiume, wakafungwa 1-0 na Ahmed Musa dakika ya 81. Nigeria ikaongoza kundi, ikaitoa Ethiopia katika mchujo wa mwisho, na Keshi akawa kocha Mwafrika wa kwanza kuzifuzisha nchi mbili tofauti Kombe la Dunia. CAF ikamtaja Kocha Bora wa mwaka 2013.

Nchini Brazil mwaka 2014 hatimaye aliitumia tiketi yake mwenyewe. Sare na Iran, kisha ushindi wa 1-0 dhidi ya Bosnia, na mfungaji alikuwa Odemwingie, yule yule aliyeachwa na aliyetukana. Keshi alikuwa amemrudisha bila kinyongo. Argentina ya Lionel Messi ilishinda 3-2, lakini Nigeria ikavuka. Hakuna kocha Mwafrika aliyekuwa amefikisha timu hatua ya mtoano ya Kombe la Dunia kabla yake. Siku chache kabla ya kukutana na Ufaransa wachezaji waligomea mazoezi wakidai posho zao. Walishikilia 0-0 hadi dakika ya 79, Paul Pogba akafunga, kisha Joseph Yobo akajifunga mwishoni.

Yaliyofuata hayapendezi kuyasimulia. Mkataba wake uliisha. Shirikisho likafungiwa na FIFA kwa muda kwa sababu ya vurugu za uongozi. Keshi akaongoza mechi za kufuzu bila mkataba. Timu ikafungwa 3-2 na Kongo kule Calabar, ikafungwa 1-0 na Sudan kule Khartoum. Oktoba 2014 alifukuzwa, na baada ya wiki mbili akarudishwa kwa amri ya Rais Goodluck Jonathan. Sare ya 2-2 na Afrika Kusini mjini Uyo ikamaanisha bingwa mtetezi hatakuwepo katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2015. Sehemu ya lawama hiyo ni yake. Kikosi kilichoka na alichelewa kukibadili. Aprili 2015 alipewa mkataba mpya, na Julai akafukuzwa kwa mara ya mwisho.

Desemba mwaka huo mkewe Kate, waliyeoana kwa zaidi ya miaka thelathini, alifariki kwa saratani. Juni 8, 2016, huko Benin City, mji alikovuma kama mchezaji wa benki, Keshi alizidiwa ghafla na kufariki akipelekwa hospitali. Alikuwa na miaka 54. Siku chache baadaye akafa Shuaibu Amodu, bosi wake wa kwanza katika ukocha. Nigeria ilipoteza ndani ya wiki moja watu wawili waliokuwa wameifuzisha na kufukuzwa mara nyingi kuliko mtu angependa kuhesabu. Keshi alizikwa Illah mwezi Julai, na uwanja mkubwa wa Asaba, makao makuu ya jimbo la Delta, ukapewa jina lake.

Tangu kifo chake makocha wazawa wamelitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika wakiwa wote wamezichezea timu za nchi zao: Djamel Belmadi na Algeria mwaka 2019, Aliou Cissé na Senegal katika fainali za 2021, na Emerse Faé, aliyekabidhiwa Ivory Coast katikati ya mashindano na kulichukua kombe jijini Abidjan Februari 2024. Timu aliyoifunga Faé katika fainali ile ni Nigeria, ambayo benchi lake lilikuwa na kocha kutoka Ureno.